Yule Mama wa Stesheni Hakusema Kitu

Jumamosi, Soweto, Mbeya. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, mlima Loleza hauonekani kabisa, na mimi sina hamu ya kuonana na mtu.

Leo nilitakiwa kufuta sauti ya kaka yangu. Sijaifuta. Nimekaa kuandika hapa ili nisikurupuke, au labda ili nipate ujasiri wa kuifuta, sijui ni kipi.

Kwa mliofika humu kwa mara ya kwanza: mimi nahariri video za harusi na kipaimara pale Mwanjelwa kwa ajili ya tumbo, na kwenye blogu hii nachambua filamu kwa ajili ya roho. Kazini wateja wanataka mioyo myekundu iruke juu ya kichwa cha bwana harusi, na mashangazi waingie ukumbini polepole kama wanatembea ndani ya maji. Humu hanipangii mtu. Humu nauliza kwa nini kamera imekaa chini, kwa nini mwanga umetokea dirishani, kwa nini picha imekatwa pale na si mbele kidogo.

Mapenzi haya yote aliniambukiza kaka Vitus. Kaka alikuwa DJ wa kutafsiri filamu, Iringa mjini. Waliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, wananielewa: filamu ya Kichina au ya Kihindi inaonyeshwa, na juu yake mtu mmoja anasema kwa Kiswahili maneno ya watu wote, bibi kizee, polisi, jambazi na mchumba wake. Kaka alifungua kila filamu kwa "Kamwene!", salamu ya Kihehe, na kibanda kizima kilimwitikia kama vile yuko pale mlangoni. Majambazi wake wote walitokea Makambako. Mzee yeyote mwenye ndevu alikuwa babu wa Ilula. Tulicheka mpaka machozi, na tulipotoka nje tulikuwa tunaongea kama yeye.

Sasa haongei.

Ilianza kama mafua yasiyopona, akawa anakohoa, anakunywa tangawizi na kutania kwamba Wachina wamemkaba. Hospitali wakamfanyia upasuaji wa koo. Walichokitoa kiliondoka na sauti, na daktari alisema waziwazi kwamba haitarudi. Amerudi kwa mama, Kihesa, hukohuko Iringa, kwenye chumba cha uani alicholala akiwa kijana. Anaandika kwenye simu. Wageni wakija kumjulia hali anageukia ukutani na kujifanya amelala, na mama anawapokea mikungu yao ya ndizi bila maelezo.

Juzi nilikwenda kumwona. Nilipokuwa nimesimama mlangoni na begi langu, simu ikaita mfukoni. Ujumbe ulitoka kwake, naye yuko palepale kitandani ananitazama.

"Ile diski yangu futa kila kitu. Sitaki kujisikia tena."

Nikamwambia sawa, kaka. Ningembishia vipi mtu asiyeweza kunijibu kwa sauti? Ile diski yenye filamu zote alizotafsiri ninayo mimi, na hakuna nyingine. CD zake zilikwaruzika zikatupwa, vibanda vingi vimegeuka saluni na maduka ya vocha, na vijana wanatazama filamu kwenye simu zao. Nikiifuta, Vitus yule wa "Kamwene" hatakuwepo popote.

Ningekuwa nimeshaifuta kama si msomaji mmoja mkorofi.

Mtakumbuka mwezi huu niliandika humu uchambuzi wa filamu ya utotoni kwangu, ile ya mama anayemsindikiza mwanawe stesheni. Niliisifia kamera kwa kubaki mgongoni mwa mama, tukamwona kijana tu, nyuma ya dirisha la behewa. Nikamsifia mhariri kwa kutokata. Picha inakaa palepale muda mrefu mpaka unaanza kujikuna, wakati wengine wangekimbilia kutuonyesha machozi. Lakini sifa kubwa kabisa niliipa maneno ya yule mama:

"Nenda, mwanangu. Kukiwa na baridi huko, vaa lile sweta la bluu. Mambo yakiwa magumu rudi. Mlango sifungi."

Kuhusu lile sweta la bluu niliandika aya nzima. Nilisema halionyeshwi hata mara moja, tunalisikia tu, na ndiyo maana linauma. Nilijiona profesa.

Msomaji akaandika chini: "Dada, mbona pale hakuna anayeongea?"

Nilipandwa na hasira. Nikaisaka filamu yenyewe, ile isiyotafsiriwa na kaka, nikaipata jana, na leo asubuhi nikaitazama nikiwa nimevaa spika za masikioni.

Hakuna anayeongea.

Mama amesimama ametupa mgongo, na uso wake unaonekana kwenye kioo cha dirisha, umelala juu ya uso wa mwanawe. Midomo imefungwa. Kwenye kopi ya kaka, ambayo ilikuwa kopi ya kopi, kile kioo kilikuwa doa jeupe tu, kwa hiyo sikuwahi kuuona ule uso. Mhariri ameondoa kelele zote za stesheni, wachuuzi, filimbi, watoto, akabakiza treni peke yake. Mlio wa treni unapanda, unapanda, na mama hafungui mdomo. Ana la kusema na muda unamwishia. Hiyo ndiyo maana ya sehemu ile, na nguvu yake yote iko kwenye ule ukimya.

Kwa kila kanuni ninayoihubiri humu, kaka aliiharibu. Na mimi nimelia miaka yote kwa sababu ya huo uharibifu.

Nikafungua diski. Nikaziweka filamu mbili kwenye kioo kimoja cha kompyuta, ya wenyewe kushoto, ya kaka kulia. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia tangu upasuaji, na ilibidi nisimame na kuzunguka chumba kwanza.

Niligundua jambo nisilowahi kuligundua kibandani. Kaka wanawake wote aliwasemea kwa sauti nyembamba ya puani ili watu wacheke. Huyu mama hakumfanyia hivyo. Amemsemea kwa sauti yake mwenyewe ya kila siku, taratibu, bila mzaha. Halafu treni inamjia juu. Alikuwa na maiki moja tu, anarekodi filamu ikiwa inaunguruma pembeni yake, hana pa kuipunguza. Unamsikia anapandisha, anapambana nayo, na "mlango sifungi" anaimaliza karibu anapiga kelele. Nakumbuka alivyokuwa akilalamika nyumbani: "Ile treni ilinimeza."

Na lile sweta nalijua. Mama alilifuma mwenyewe. Lilinifikia mimi baada ya kaka kuliacha, mikono nikiikunja, na nimelivaa shule ya msingi yote.

Kaka alipoondoka kwenda Dar kutafuta maisha, kabla hajarudi Iringa na kuwa DJ, nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anamenya viazi. Kaka alisimama mbele yake na begi. Alisimama sana. Mama akasema, "Haya," akaendelea kumenya. Sweta lilikuwa kwenye kamba ya nguo na likabaki kwenye kamba. Mama yetu si mkatili, jamani. Ni mtu wa kukuongezea mboga bila kukuangalia usoni. Ndivyo alivyo, na sisi tulijifunza kutouliza.

Nikamwandikia kaka: "Yule mama wa stesheni hasemi kitu. Yale maneno uliyatoa wapi?"

Akaandika:

"Sikuyatoa popote. Nilikuwa nayasubiri."

Nikauliza kama mama aliwahi kuisikia ile filamu. Akajibu, "Mama na vibanda wapi na wapi." Ni kweli. Kwa mama, kibanda umiza ni pahali pa wahuni, na hata njia ile alikuwa haipiti. Mtoto wake alikuwa anasikilizwa mji mzima na yeye hajamsikia hata filamu moja.

Nimebaki na uchungu ambao sijui niuweke wapi. Pale Kihesa sasa wamekaa wawili, mmoja sauti imemwondoka, mwingine hajawahi kuitumia ya kwake, katikati yao kuna chupa ya chai. Naogopa. Naogopa siku nitakayopigiwa simu kuhusu mmoja wao, na mwingine atabaki na maneno yake yote ndani.

Lakini sauti ni ya kaka, na amesema nifute. Watu wameshaanza kumwamulia kila kitu, ale nini, alale saa ngapi, aombewe na nani, kwa sababu tu hawezi kupayuka na kuwafukuza. Sitaki kuwa mmoja wao.

Kwa hiyo nimemwomba. "Kaka, niruhusu mama asikie pale stesheni tu. Halafu nitafuta yote, nakuapia."

Alama za ujumbe zikageuka bluu, ameusoma. Ikatokea "anaandika", ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea tena. Ingekuwa filamu ningekata hapo na kwenda kuonyesha mvua dirishani. Haikuwa filamu. Nilipika chai, ikapoa mkononi, nikamwaga, nikafikiri nimemuumiza na hatanijibu tena.

Ndipo ikaingia.

"Punguza treni. Masikio ya mama si mazuri siku hizi."

Nimeusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama, nikausoma tena nikiwa nimekaa. Kesho baada ya misa napanda basi la Iringa na kompyuta yangu kwenye begi.

Tangu mchana niko hapa na treni ya watu. Nimejaribu kila ninachokijua na nisichokijua. Haitoki. Sauti yake na treni zilirekodiwa pamoja, zimeshikana, na kila nikiishusha treni, na kaka anashuka kidogo. Nimefika mahali ambapo treni imekuwa mngurumo wa mbali na kaka amekuwa mtu anayesema chinichini, karibu kunong'ona.

Zaidi ya hapo sina uwezo. Itabidi mama asogee karibu.