Chembe za Msasa kwenye Impela ya Mugango

Jumatatu, Julai 8
Chai, dawa ya presha, gari la kwenda Bunda. Nimesinzia kutoka Butiama mpaka mlangoni kwa Fundi Magesa. Amesubu sufuria, kuyeyusha na kumimina, maisha yake yote. Leo anavunjavunja bloku ya injini kuukuu, alumini yetu ya kesho.

Tunasubu impela ya pampu ya Mugango, yaani gurudumu la mapezi linalosukuma maji. Mchanga wa ziwa unayala mapezi kama mchwa. Dada yangu Nyamburi na kikundi chake wanamwagilia nyanya kwa pampu hiyo. Wameshaamua: impela ikilika tena, pampu inauzwa, wanarudi kwenye ndoo. Dada ana magoti mabovu. Ndoo hawezi. Bustani itamshinda.

Jumanne, Julai 9
Niandike wakati bado nakumbuka vizuri. Tunachanganya alumini na chembe nyeusi, zile zinazoupa msasa ukali wake. Ni ngumu kuliko mchanga. Lakini alumini iliyoyeyuka haizitaki. Inazikataa kama manyoya ya bata yanavyokataa maji. Kwa hiyo nazamisha fimbo inayotetemeka kwa sauti ya juu mno, ambayo sikio la mtu haliipati. Sauti inazaa vipovu ndani ya uji wa alumini. Vipovu vinapasuka, vinaisukuma kila chembe mpaka ikubali kulowa.

Magesa akauliza tunajuaje kuwa ipo sauti isiyosikika. Nikamwonyesha mbwa wake. Nilipowasha tu, alihamia ng'ambo ya barabara.

Uso wa uji ulitulia kama ziwa alfajiri. Kisha ukatetemeka bila upepo. Chembe zikazama, kundi baada ya kundi, kama ndege wanaotua mahali wanapopajua. Sijui nilisimama muda gani. Dada akapiga simu, nikatoka nje kuzungumza naye. Niliporudi, Magesa alikuwa ameshamimina kwenye kalibu.

Jumatano, Julai 10
Nimelala mchana. Nimeota natembea ndani ya alumini. Mvua ya fedha, haina sauti. Sikutaka kuamka.

Ijumaa, Julai 12
Musoma. Shule niliyowahi kufundisha bado wananiazima darubini. Nilikuwa na kipande kilichobaki baada ya kumimina, nimekisugua mpaka kinang'aa. Nikatazama.

Hakuna kitu. Weupe mtupu. Chembe mojamoja, zimepotea njia.

Impela imeshafungwa tangu jana. Dada hakuwa na subira.

Nilimshuku Magesa. Niliwaza amezitoa chembe zangu akamuuzia mtu anayetengeneza mawe ya kunolea visu. Wazo baya, na nililibeba njia nzima.

Jumamosi, Julai 13
Dada amepiga simu. Mapezi yameanza kulika pembeni. Kikundi kimekubali jaribio moja tu, la mwisho. Mnunuzi ameshakuja kuitazama pampu.

Sikula jioni.

Jumatatu, Julai 15
Nimemwomba Magesa arudie kila alichofanya siku ile, hata kidogo asiruke. Akayeyusha. Akakoroga. Kisha, bila hata kufikiri, akachota chumvi kwenye kopo, akaitupa kwenye uji. Takataka zikapanda juu. Akaziengua kwa upawa.

Nikamuuliza kama na siku ile alitia chumvi.

"Ninasafishaga tu, Mzee. Ningempaje dada yako uji mchafu?"

Ndiyo kazi ya chumvi: inatenga alumini na uchafu. Na kwa chumvi, chembe zangu ni uchafu. Sauti ilizilowesha kwa alumini, chumvi ikazitoa tena. Tukafukua debe la takataka nyuma ya karakana. Zote zilikuwamo, nyeusi, nzito, zinametameta.

Hakuna aliyeiba. Fundi aliniheshimu kwa namna anayoijua, nami sikumwambia kwamba safari hii heshima ni kuacha uchafu. Nilimweleza sababu ya kuuliza. Hata lile wazo langu baya nilimwambia. Alicheka, akasema wa mawe ya kunolea mwenyewe hanaga hela.

Jumatano, Julai 17
Tumerudia. Bloku tuliichagua safi tangu mwanzo, tukaiosha na kuikausha. Fimbo ikaimba wimbo wake wa kimya. Ngozi nyembamba ikatanda juu ya uji, na mkono wa Magesa ukaanza kwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi. Akaushika kwa mkono wa pili. Akaiweka mikono yote nyuma ya mgongo.

"Mzee, hii ni kama kumpeleka mtoto kanisani na kamasi."

Nikaisogeza ngozi ile pembeni kwa upawa mkavu, yeye akitazama ukutani. Kisha akamimina.

Alhamisi, Julai 18
Darubini. Nyota nyeusi kwenye mbingu nyeupe, zimetapakaa kila upande. Nilikaa nazo mpaka mlinzi wa shule akagonga mlango.

Ijumaa, Julai 19
Imefungwa. Maji yanatoka. Ya kwanza pia ilitoa maji.

Jumapili, Julai 28
Mugango, baada ya misa. Pampu imefunguliwa mbele ya kikundi chote. Mwenyekiti akaishika impela, akaigeuza, akampa dada. Ziwa limelala. Nyamburi akapitisha kidole kwenye ukingo wa pezi, polepole, kama anayepapasa uso wa mtoto. Akakiondoa haraka. Damu kidogo.

"Kaka, bado inakata."

Mwenyekiti akampigia mnunuzi simu kumwambia asije. Dada akafunga kidole kwa pindo la kitenge. Akauliza nani anashika mpira wa maji, maana jua linapanda.