Barua ya Furaha mu mashini

Dimanche, siku ya misa, mangaribi

Muke wangu Furaha alikufa. Leo tumemaliza kilio, ndugu zake wakagawana manguo yake. Mashini yake, ordinateur ya Linux, hakuna mwenye aliitaka.

Shemeji Kambale akaifungua juu ya kuandikisha binti yangu Neema ku iniversite. Ikakataa.

"Muzee, hii navigateur ya kuingilia ku internet imezeeka. Tufanye mise à jour, tuweke ile mupya, tuifunge, tuifungue tena."

Nikamuambia aache. Mule muko barua yenye Furaha alikuwa anaandikia yaya, dada yao mukubwa wa muji wa Kiwanja. Hakuituma, wala hakuihifazi. Tangu afe sijazima ile mashini, naipelekaka ku courant ya umeme kwa jirani. Tukifunga, barua inapotea.

"Inscription, kule kuandikisha, inaisha leo, muzee. Na dada yangu njo alitaka huyu mutoto asome."

 Akasema atainakili yeye mwenyewe. Nikakataa, nikaomba bic ya kuandika. Nikaandika pole pole mu hii kaye, hii daftari, mimi mwenye niliachia masomo ku troisième primaire, darasa la tatu:

"Yaya, nitakuja kulala kwako. Papa Neema ameitika, lakini ananuna kama mutoto."

Kambale akacheka, kisha akalia. Nikamuambia: fanya.

Neema ameandikishwa. Ile barua haiko tena mu mashini. Iko tu huku, na mwandiko wangu mubaya.

Kesho narudi ku kazi ya kuvunja majiwe.