Viatu Ulivyomtumia Baba

Tongaren, Bungoma
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Noah,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Kanada? Wifi Wahu na watoto hawajambo, na baridi imewapungukia? Yale mafua uliyolalamikia natumaini yamekuachia. Sisi tupo, mvua imeanza na shamba tumelilima.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Hapa utanisoma hadi mwisho.

Viatu ulivyomtumia Baba Krismasi vilimpendeza mno. Alivivaa kanisani, akarudi na lengelenge kwenye kisigino cha kulia. Kwa mwingine si kitu. Lakini Baba ana sukari, na miguu yake ilishakufa ganzi. Hakusikia viatu vikimbana.

Nilitaka kumpeleka Kitale kesho yake asubuhi. Lakini unajua kwetu: mzee hatolewi nyumbani kwenda hospitali kabla mwanawe wa kwanza hajasema. Mimi ninayemwosha na kumpikia ni msichana tu. Baba mdogo Wabwile alisimama mlangoni.

"Tungoje Noah aseme," akaniambia. "Ati wewe ndio utaamua?"

Ukasema. Ukasema ni kidonda kidogo, aloweke mguu kwenye maji moto ya chumvi, kitakauka. Nilikueleza kwamba hasikii moto, ukanijibu kwamba napenda kukuza mambo. Baba mdogo ndiye aliyemimina maji. Baba akakaa na mguu ndani ya beseni akipiga hadithi, ngozi inaungua, wala hakukunja uso. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako, kaka, ilimfikia mzee.

Ulipokubali aende, mguu ulikuwa umeanza kunuka. Waliukata chini ya goti. Muuguzi mmoja, Jepkorir, alinivuta kando.

"Hii mngeleta ile siku ya kwanza," alisema, "si ningefunga tu na bandeji, mzee arudi nyumbani."

Nilikukasirikia, Noah, na bado nimekukasirikia. Sioni haya kukwambia.

Sasa umebaki mguu mmoja. Kila jioni naukagua, hata katikati ya vidole. Maji ya kumwosha ni vuguvugu, nayapima kwa kiwiko changu. Hatembei peku, hakati sugu kwa wembe, na zile soda wageni wanazomletea ati za kumpa nguvu nawafungulia wao wenyewe wanywe. Wengine wamenuna.

Mwezi uliopita niliona wekundu karibu na kidole gumba. Sikukupigia. Baba mdogo alianza maneno yake, nikampita na mzee tukaenda Kitale. Wakamsafisha, wakamfunga, na sasa pamepona. Nikiona kingine tutaenda vilevile, uwe umesema au hujasema.

Usinitumie ushauri tena. Ukitaka kusaidia, njoo umwone.

Nisalimie wifi na watoto. Baba mdogo Wabwile anakusalimu; siku hizi hana maneno mengi. Mungu awatunze, na awalete nyumbani mzee akiwa bado anawatambua.

Baba hataki nikulaumu. Ameniagiza nikushukuru kwa viatu, basi nimekushukuru. Simruhusu kuvivaa, lakini kila Jumamosi hunituma nivipige rangi, vyote viwili.

Dada yako akupendaye hata hivyo,
Mary Ann