Mkataba Wako wa Bei Nafuu

Louisville,
9 Julai

Mpendwa mdogo wangu Marquel,

Pokea salamu zangu huko Tucson. Natumai zinakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri, ila amegoma kabisa kutazama mpira wa kikapu, nami simlazimishi.

Najua umeshasikia kwamba yule staa Tavion Rusk hakuja kwenye timu yetu. Acha nikusimulie nilivyoyaona kutoka kwenye kiti changu cha hesabu za mishahara, maana waandishi wa michezo wana adabu mno.

Bosi wetu Dressler alishajiaminisha kwamba Rusk ni wetu. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, alikuwa huru kwenda anakotaka, ila sisi tulikuwa tumefika kikomo cha mishahara kinachoruhusiwa na ligi. Ilibidi wengine waondoke ili yeye apate nafasi. Rusk akaletwa kwa ndege ya mwenye timu, akalishwa mbavu za kuchoma, akaonyeshwa sura yake imechorwa kwenye ukuta wa uwanja, ghorofa tatu nzima, meno yote nje. Akajilamba vidole, akasema nyie watu mnajua kupika bwana, nihesabuni nimo. Watu wazima wenye shahada zao wakakumbatiana wakilia. Niliwaonea aibu.

Sheria unaijua: siku sita za kwanza za usajili mtu anatoa neno tu, kutia sahihi ni marufuku. Mwenye akili angesubiri sahihi. Dressler akasema tukisubiri Rusk atatuona waoga, nyumba isafishwe leo leo, wa kuondoka waondoke. Tukaisafisha. Siku ya tano simu ya Rusk ikawa haipatikani. Dressler akatuambia tutulie, jamaa kalala tu, mastaa ndivyo walivyo. Siku ya saba jamaa akatia sahihi Seattle, hata ujumbe wa pole hakutuma. Sasa tuna nafasi ya kumlipa mfalme, na kikosi kisichoweza kuifunga timu ya kwaya. Mwenye timu alipouliza kosa ni la nani, Dressler, macho makavu, akasema huenda mbavu zilikuwa na chumvi nyingi. Na watu wakaitikia kwa vichwa!

Marquel, kila ukipiga simu unamtukana Dressler kwa kukuuza, nami nakuitikia. Hakuwa yeye.

Mzee Grubbs, mkongwe wa kikosi, tulishamwondoa, na ilibidi tuwape waliompokea haki yetu ya kuchagua chipukizi wa mwakani, maana mkataba wake mnono hakuna aliyeutaka hivi hivi. Bado nafasi haikutosha. Dressler akauliza mezani nani mwingine anaweza kuchukuliwa bila sisi kuongeza kitu. Nikasema wewe. Nikaeleza kwamba mkataba wako ni wa bei nafuu, timu yoyote ingeupokea siku hiyohiyo. Na ulikuwa wa bei nafuu kwa sababu mimi ndiye niliyekushauri ukubali malipo madogo, ili ubaki hapa karibu na mwanao.

Dressler akasema angalau humu ndani kuna mtu mmoja anayejua kazi. Sikulazimishwa. Pamoja na kuwadharau wote wale, siku ile nilitaka wanisifu, na waliponisifu nilifurahi.

Jumamosi nilikwenda kumchukua Jada kwa mama yake, kwa kuwa wewe huwezi kufika tena. Aliniuliza nani amekupeleka mbali. Nikamwambia ni Dressler. Basi amemwandikia barua, kwa penseli ya rangi, akimwomba akurudishe, na amenikabidhi mimi niipeleke ofisini. Sijui niipeleke kwa nani.

Wasalimie wenzako wapya, na unywe maji mengi na joto hilo. Mama anakubusu. Usipotaka kunijibu mimi, mjibu yeye.

Dada yako,
Renita