Kitambaa Juu ya Kisanduku cha Waya

Jumatano, mwezi wa kumi. Upepo tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno.

Mlikuwa wapi nyie, wanangu? Tangu tuvune alizeti sijaona hata salamu ya mtu hapa. Mmenizika? Haya, kaeni. Mimi shule sikwenda. Nasema, mjukuu wangu Eliza anaandika. Leo nina neno baya.

Kisima cha kijiji chetu cha Mgori kiko nyuma ya nyumba yangu, hatua hamsini. Kamati ya maji iliweka kompyuta sebuleni kwangu kwa kuwa Eliza ndiye mwangalizi wa pampu. Waya wa buluu unatoka kwenye kompyuta, unaingia kwenye kisanduku chenye vitaa, na mwingine unatoka hapo, unatoboa ukuta, unakwenda mpaka kwenye pampu. Maji yakishuka sana kisimani, kompyuta inaiambia pampu isimame. Isiposimama, inavuta hewa, inaungua.

Mvua bado. Pampu ikifa, tutakunywa bwawani pamoja na ng'ombe.

Leo asubuhi mke wa mchungaji alikuja kunitembelea. Kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi: redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa. Nikakitazama kile kisanduku, vumbi limekijaa kama yatima. Nikakifunika kitambaa changu cha maua mekundu, kile kizito nilichofuma mwenyewe. Nikakikunja mara mbili.

Mgeni alikisifu.

Adhuhuri nikapita mbele ya kompyuta. Herufi sizijui, ila picha ya kisima naijua: watu wakichota, ile buluu ya maji inashuka. Ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi. Na nje ndoo zinagongana tangu jua lichomoze.

"Eliza, haya maji mbona hayapungui?"

"Si ndiyo vizuri, Bibi?"

"Vizuri nini wewe! Kijiji kizima kinachota, maji hayapungui! Muujiza gani huo unaingia Mgori bila kupiga hodi?"

Akafuata waya kwa mkono mpaka kwenye kitambaa. Akakifunua. Kisanduku kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni, vitaa vyote vimezima. Kumbe kompyuta ilikuwa inatuonyesha maji ya asubuhi, na pampu huko haijaambiwa kitu na mtu.

Alikimbia bila viatu. Niliisikia pampu kabla hajaifikia, inakoroma kama mtu anayekata roho.

Halafu kimya.

Ameizima yeye, au imejizimia? Hata yeye hajui. Harufu ya kuungua imefika mpaka jikoni kwangu.

Fundi anatoka Singida mjini kesho, ndiye ataifungua. Wanakamati wamekaa hapa jioni yote wakisema panya wamekula waya. Panya! Nami nikawapikia chai kwa maji ya mwisho ya mtungi, mdomo nimeufunga.

"Bibi, na hilo niandike?"

Andika. Panya ni mimi.

Kesho kabla ya jua nitasimama bombani na kitambaa changu mkononi, niwaambie wanawake wenzangu kabla fundi hajagusa nati hata moja. Watanisamehe? Ndoo tupu haisikii samahani.

Nanyi wanangu, mkija tena, na mje upesi, bebeni maji. Na mkikuta nimefunika kitu chochote, funueni kwanza. Shikamoo baadaye.