Nilitoa Siri ya Chiriku

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia, maana jambo lenyewe limeharibikia humo humo nyumbani. Nina miaka kumi na sita, nina kisukari cha kujidunga insulini, na kila Jumamosi vijana wenye hali kama yangu tunakutana chumba cha nyuma cha zahanati, tunakaa duara na muuguzi, kila mtu anasema linalomsumbua, na sharti ni moja tu, ya humu hayatoki. Rafiki yangu wa pale tulimwita Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza, alikuwa akisema kongosho lake limestaafu kabla ya baba yake, hata aliyekuja akilia anaondoka anacheka. Siku moja tukiwa getini akaninong'oneza kwamba anaruka sindano makusudi ili apungue mwili, nikamtazama nikaona kweli macho yameingia ndani, anakunywa maji hashibi, nikaogopa, nikamwambia mama.

Mama ni fundi cherehani. Chiriku alipoletwa na mamake kupimwa gauni, mama akasema mbele ya wateja, "Mwanao anajiua kwa kutafuta kiuno." Chiriku akavaa viatu akatoka bila kuaga. Siku ile ile walimpeleka hospitali akalazwa, daktari akasema amewahishwa. Sasa yuko kwao, kikundini haji, simu yangu hapokei, na ujumbe alionitumia ni huu tu: "Nilikwambia wewe, sikuutangazia mtaa." Wenzetu nao zamu ikiwafikia wanasema hawana la kusema, huku wananiangalia, basi nami nimeacha kwenda, nimemdanganya muuguzi kwamba nina mitihani, hata sukari siku hizi sijipimi, sioni faida. Shangazi, ningenyamaza?
Msaliti

*

Marahaba, binti yangu. Weka gazeti chini, shika kipimo chako, ujipime. Nakusubiri.

Umejipima? Haya. Umejaza ukurasa kwa habari za Chiriku, halafu la kwako, ambalo linaweza kukuua, ukalichomeka mwishoni kama salamu. Mwambie muuguzi leo, usingoje kesho, na la mitihani ulikanushe.

Ulichouliza: hapana, usingenyamaza. Siri inayomlaza mtu kitandani haifukiwi. Lakini muuguzi alikuwa ndani, nanyi mko getini, ukampita ukaenda kumwambia mama, ambaye mdomo wake unaujua tangu utotoni. Hapo ndipo ulipokosea, na maji hayo hayazoleki. Mama yako naye alisema kweli kwa namna ya kuumiza. Mwambie hivyo kwa adabu, kisha aende mwenyewe kwa yule mama kuomba radhi. Asikutume wewe.

Kwa Chiriku nenda peke yako. Mwambie, "Nilikosea mtu wa kumwambia, ila sijutii kuogopa." Akikufungia mlango, rudi kwenu, usimbembeleze. Huenda urafiki usirudi, binti yangu, na hilo litakuuma muda mrefu. Hata hivyo yu hai, ana nguvu za kukukasirikia.

Na jina hilo la Msaliti ulifute. Jumamosi uende kikundini. Watanyamaza, waache wanyamaze. Zamu yako ikifika, usijitetee na usimtaje Chiriku. Sema, "Nimeacha kujipima sukari." Ulitoa siri ya mwenzako, sasa wape ya kwako.
Shangazi