Hela Isiyokanyaga Zizi la Baba

Katoro, siku mbili baada ya gulio

Mayu wangu,

Kabla hata sijakuamkia, vuta kigoda ukae. Umekaa? Haya. Duara langu la dhahabu limetema! Mwanao Masele, yule mliyesema hana bahati hata ya kuokota sindano, leo ofisi mbili zinamgombea. Dhahabu imetoka shimoni hadi tajiri wetu akavua kofia. Nikipita barabarani hapa Katoro, bodaboda wanapunguza mwendo wanisalimie. Nimefika Mwanza, nimefika Nzega, nimefika mpaka Chunya, na sijaona mtu aliyebarikiwa kunipita mimi.

Sasa shikamoo, mayu. Magoti yanaendeleaje? Yale majani aliyokuletea mke wa mdogo wangu Mabula yamesaidia, au yamekutia harufu tu? Tumbaku mmeshaanza kukausha? Tafadhali usikae karibu na bani la kukaushia, moshi wake unajua ulivyomfanya baba. Na yule ng'ombe mwekundu aliyebaki, amezaa? Mimi mzima kabisa, nimenenepa, kofia ndiyo inanibana kidogo.

Nimekuandikia barua kwa sababu simu yako unaiweka spika mpaka mbuzi wa jirani wanajua habari zangu. Hii nimempa kondakta wa basi la Kahama amfikishie shangazi pale Nyahanga, naye akuletee huko Ushetu. Isome mwenyewe, kwa miwani ya marehemu baba, kama ulivyofundishwa kwenye madarasa ya watu wazima. Asikusomee mtu. Hilo doa hapo juu ni grisi ya mashine, lisikutishe.

Mayu, nina shida, na shida yenyewe umeianzisha wewe.

Unakumbuka mwaka jana nilipokupigia nikasema nataka kuwanunulia maksai wawili na mtamba, muache kulima kwa jembe la mkono? Ulinijibu, "Masele, baba yako alikataza. Hela ya shimoni haikanyagi zizi hili." Ukanikumbusha wale ng'ombe wa baba mdogo, alionunua kwa hela ya dhahabu, walivyokufa wote kabla mvua hazijakatika. Halafu ukasema, "Hiyo ipeleke huko mjini kwa watu wa makaratasi. Wao hawana ng'ombe wa kufa."

Mimi mtoto mtiifu nikaitafutia makaratasi. Huko ndiko nilikopotea.

Juzi gulioni walikuja hao watu wa makaratasi, makundi mawili, kila moja na turubai lake na spika yake, wakitazamana kama wake wenza. Nilivaa shati lile la bluu nikaenda na Mzee Rajabu. Huyu ni mzee wa Kigoma, anaponda mawe kwenye karasha, ndiye rafiki yangu mkubwa hapa.

Turubai la kwanza lilikuwa la pensheni. Pale alikuwepo dada mmoja mpole, miwani puani, kalamu sikioni. Akaniuliza, "Kaka, umejiandaa na uzee?"

"Uzee wenyewe unaniogopa," nikamwambia.

Akacheka, akanipa kiti. Akasema unaweka kidogo kidogo kila mwezi, na hela hiyo haitoki hovyo, inakungoja. Ukizeeka, inaanza kukulipa kila mwezi mpaka unazikwa.

"Nikiumwa je?"

"Kuna utaratibu."

"Nikifa je?"

"Kuna utaratibu."

"Nikitaka kuoa?"

"Hapo hakuna utaratibu, kaka."

Rajabu alicheka mpaka akakohoa. Lakini mimi nilielewa, mayu, nikakutafsiria papo hapo kichwani. Ni kama kumpeleka ndama kwenye boma la mtu mwaminifu aishiye mbali. Humwoni, humkami, huwezi kumchinja hata msiba ukija. Ila siku meno yakikuishia, yule mtu anaanza kukuletea maziwa kila asubuhi. Nikaona tamu. Halafu nikajiuliza: nikifa na meno yangu yote?

Nikavuka kwenda turubai la pili. Huko alikuwa jamaa mwenye tai nyekundu, jasho linamtiririka lakini tai haiguswi. Yeye anauza vipande. Watu wengi mnachanga hela zenu, wenye akili zao wanazikopesha serikali au wananunua hisa za makampuni, nawe unabaki na vipande vyako. Ukitaka hela yako, unaandika karatasi, siku chache umeipata. Hakuna cha kusubiri mvi. Na ukitaka, anasema, unafungua akaunti kwa dalali wa hisa, unakuwa na hisa kwa jina lako mwenyewe. Masele, mwenye kampuni! Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti.

"Bei ikishuka namdai nani?"

"Humdai mtu, mzee. Unasubiri ipande."

"Nasubiri wapi?"

"Nyumbani kwako."

Hawa ndio kuku, mayu. Kuku yuko uani kwako, unamwona, unamshika. Lakini nyumba yenye kuku haikosi mgeni. Mabula atataka ada, shemeji atataka bati, mimi mwenyewe nitaona viatu dirishani. Mkono wangu unaujua, ni chekecheke. Kuku wangu hatazeeka.

Kisha wakaleta kodi, wakanivuruga kabisa. Yule wa tai alisema gawio la hisa linakatwa kodi kabla halijanifikia. Sawa, hilo nalijua, ni ule ushuru wa mnadani, ukiuza tu mtu wa halmashauri yuko mlangoni na kitabu chake. Nikarudi kwa dada. Dada akasema kwa mtu wa mshahara, mchango wa pensheni unatolewa kwanza, ndipo mshahara uliobaki unakatwa kodi. Nikauliza, kwa hiyo nyie hamkatwi? Akasema inategemea. Nikarudi kwa wa tai, nikamwambia mwenzako hakatwi. Akasema hata vipande navyo inategemea. Nikavuka tena. Nimevuka ile njia mara tano, mayu, mwenye kuuza miwa katikati akadhani nina kichaa, akanipa pingili ya bure.

Ila kilichoninyima usingizi ni swali walilouliza wote wawili, kwa maneno yaleyale: "Unafanya kazi gani?"

"Mchimbaji," nikasema.

Dada akaweka kalamu chini taratibu. "Kaka, sikufichi. Mchimbaji hana mwezi. Leo anacho, kesho hana. Utachangia mara tatu utaacha. Jaribu kwa wenzetu pale."

Wa tai yeye alifurahi. "Mchimbaji! Hela ya mkupuo. Lete yote huku."

"Na ningekuwa mtu wa mshahara?"

"Aa, hapo ningekushauri vingine. Ungeanza na pensheni kila mwezi, kinachobaki ndiyo uje kwangu."

Mzee Rajabu akadakia, "Mchimbaji wa nini wewe, Masele?" Nikamkanyaga mguu. Akasema "Yallah!" watu wakageuka.

Njiani kurudi hakunisema sana. Alinihadithia habari zake, ambazo nilizisikia zamani lakini si kwa sauti ile. Yeye dhahabu aliipata kweli, mayu, ya kushika kwa mikono miwili. Siku hiyohiyo alinunua vitanda vitatu vya mbao ngumu, na nyumba hana. Akaviacha kwa mwenye baa avitunze. Akanywesha kijiji. Baada ya miezi akarudi shimoni kwa miguu.

"Vile vitanda," akasema, "sijui vinalaliwa na nani."

Sasa ni mzee, anaponda mawe ya watu, na kila mchana anapita jikoni kuulizia ukoko. Ukoko anapata. Hakosi. Ninahakikisha.

Basi nimekaa na fomu mbili. Jina nimejaza. Mwaka wa kuzaliwa nimekadiria. Pa mrithi nimekuandika wewe, dada akaona akasema, "Kaka, mrithi awe mtu wa kubaki nyuma yako." Nikamwambia humjui mama yangu. Lakini pale palipoandikwa "Kazi" nimeshindwa. Niliandika mchimbaji, nikafuta. Nikaandika mfanyabiashara, nikafuta. Karatasi imetoboka. Gulio lijalo watarudi, na nimewaahidi jibu wote wawili. Hela ni hii hii, mayu, hakuna nyingine nyuma yake. Nikiiweka mahali pabaya, nitakuja kuulizia ukoko kwa mtu.

Wewe ungechagua nini? Ndama wa mbali au kuku wa uani? Mimi kichwa kimekuwa kama debe la karanga. Nikilala naota tai nyekundu imevaa miwani.

Katika kuwaza hivyo nimekumbuka jambo ambalo huenda umelisahau. Mwaka ule ulipokuwa na mimba ya Mabula, mguu umekuvimba, unalala mkekani jikoni. Binti huna, mimi ndiye mkubwa. Ukanipa mwiko, ukawa unaniamuru ukiwa umelala: "Songa! Geuza! Usiuogope, ugali haung'ati." Nikiongeza maji vibaya unanirushia gunzi. Ulisema ugali wangu wa siku ya tatu umeushinda wa shangazi. Kisha baba akaingia, akanikuta na mwiko. Hakunipiga. Alisimama tu mlangoni akasema, "Kesho watu wakiniuliza mwanangu anafanya kazi gani, niwaambie nini?"

Swali ni lile lile la kwenye fomu, mayu. Limenifuata mpaka gulioni.

Nisalimie Mabula, mwambie jembe la mkono ni mazoezi mazuri kwa tumbo lake. Nisalimie na mkewe Mama Kulwa, asante kwa majani ya magoti. Shangazi wa Nyahanga, nina hakika ameifungua barua hii akaibandika tena kwa uji, kwa hiyo shikamoo shangazi. Baba mdogo, pole yake ya ng'ombe haijaisha moyoni mwangu. Na jirani mwenye mashine ya kusaga, mwambie unga wa huku ni wa mchanga, wa kwake naukumbuka. Ukipata mtu wa kuja huku, nitumie michembe, vile viazi vyetu vikavu.

Hapa ndipo pa kuweka jina nimalize, lakini yule dada wa miwani ameniharibu, siwezi tena kuandika jina langu bila kuandika kazi.

Mayu, duara halijatema. Sina duara. Shimoni niliingia mara moja tu, wiki yangu ya kwanza, nikalia humo ndani mpaka wakanitoa kwa kamba. Katoro hakuna anayeniita tajiri, wananiita Mama Ntilie. Hakuna mashine wala grisi, doa ni la mafuta ya kupikia. Miaka tisa hii nawasongea ugali wanaume arobaini wa karashani, na tajiri wao ananilipa kila mwisho wa mwezi. Mwezi ninao. Nimekuwa nao siku zote.

Hela ile ni ya mwiko. Haijakanyaga shimo. Mwambie baba huko aliko, kisha uniambie mimi kama inaweza kuingia zizini: maksai wawili tu, na kila mwezi nimpelekee yule dada kidogo. Habari ya kodi bado sijaielewa.

Nilikudanganya, mama. Bahati sijapata.

Mwanao,
Masele, mpishi.